Makofi Kisiwani

Namshukuru Mungu aliyenitunzia macho hadi uzee huu. Mimi na mke wangu tulishushwa kwenye kisiwa cha mbali, tungoje meli ya kuvuka bahari. Kwa kuwa napenda kutazama ndege, nilitaka kuwaona membe, ndege wa baharini ambao nilikuwa sijawahi kuwaona.

Kundi lilipokaribia kutua, nilijikuta nimesimama, napiga makofi na kelele, kama nilivyowafukuza ndege maisha yote kwenye mpunga wetu wa Wang'uru. Wote walitokomea.

“Mzee,” mke wangu akauliza, “hapa umepanda mpunga gani?”

Sikujua nicheke au nitubu. Meli ilifika kabla hawajarudi. Msomaji, Bwana akuonyeshe ulichosafiri kukitafuta.