Pasaka Bila Moto

Vipande vya matango vikikaa sana juu ya mkate vinatoa maji, mkate unalowa, na mtu akiushika unamvunjikia mkononi. Hilo nilijifunza kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuogesha na kulisha watu. Kila Pasaka pale hupangwa meza ndefu ya vitu vya kushika kwa vidole, na hakuna hata kimoja kinachopita motoni. Dawa ya matango ni kupaka jibini laini kwanza, hadi pembeni kabisa, usiache hata upenyo. Basi Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2016, jikoni kwangu mtaa wa Black Rock, huku ughaibuni, nilikuwa napaka jibini tangu saa moja asubuhi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, akitazama theluji chafu iliyobaki ukingoni mwa barabara. Nyuma yangu jiko la gesi lilikuwa uso mtupu, halina kifundo hata kimoja cha kuwashia. Vifundo vyote nilikuwa nimeving'oa wiki mbili kabla, nikavitia ndani ya soksi, soksi nikaitia mkobani, na huo mkoba nilikuwa naingia nao hadi chooni.

Mama alikuwa anapotea akili. Nasema hivyo leo. Wakati ule nilikuwa nasema amechoka. Alipoliweka birika la umeme juu ya moto wa gesi likayeyuka, nikasema ni macho. Alipotia bakuli la bati ndani ya mikrowevu, cheche zikaruka na mashine ikafa, nikasema hata mimi ningeweza kufanya hivyo. Kisha asubuhi moja, mume wangu ameenda kazini na mimi naoga, alichukua galoni ya maziwa kutoka kwenye frigo, galoni yenyewe na plastiki yake, akaibandika motoni. Nilitoka bafuni na povu kichwani. Moshi ulikuwa mweusi, ukuta umeshaanza kubabuka, na yeye amesimama hapo na kikombe mkononi, ametulia kabisa.

"Wageni walikuja," akaniambia. "Ninabachemushia maziwa."

Wageni gani, jamani? Nyumba nzima ilikuwa na yeye na mimi. Nilizima moto, nikamkalisha, nikapangusa maziwa yaliyoungua huku nalia kwa hasira, halafu nikatundika kalenda ya kanisa juu ya ule ukuta. Sikumwambia mtu, isipokuwa mume wangu, na yeye nilimwapisha.

Nilificha kwa sababu ya dada yangu na kaka yangu. Dada yetu mkubwa anaishi Louisville, kaka anaishi Columbus, na mimi ndimi kitinda mimba. Siku ya Krismasi kaka alinipigia simu akasema, "Bon, Pasaka tutakuja kumwangalia mama vizuri. Kama amezidi, yaya atamuchukua." Yaya ndiye huyo dada, ndivyo tunavyomwita mkubwa. Ana nyumba kubwa, hafanyi kazi, na watoto wake wote wamekua. Kila sababu ilikuwa upande wake, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mimi nilikuwa na sababu moja tu. Sikujaliwa mtoto. Mume wangu anafanya zamu ya mchana kwenye ghala huko Cheektowaga, mimi nafanya zamu ya jioni. Tunapishana mlangoni, mmoja anavua viatu na mwingine anavaa. Mtu niliyekuwa naongea naye ndani ya nyumba ile alikuwa mama. Tulitoka naye milimani juu ya Uvira, tukakaa naye kambini miaka mingi, tukapanda naye ndege moja, na jina lake na langu yaliandikwa kwenye karatasi moja. Wakimchukua, ningebaki na nani? Na sauti ya frigo?

Ndipo nikapanga ujanja wangu. Nikawapigia simu nikawaambia Pasaka hii tutakula kama wenyeji wa huku wanavyokula masika, vitu vyepesi, baridi, vya kushika kwa vidole. Kaka alicheka sana. "Donc ninaendesha gari masaa yote hayo kuja kula majani?" Nikamjibu kama anataka fufu aje na mwiko wake. Lakini moyoni nilikuwa nimeshahesabu: pasipopikwa, hakuna atakayeligusa jiko. Jioni ningeagiza pizza, na Jumatatu alfajiri wangeondoka. Mjinga mimi, nilidhani nimemaliza.

Ukweli ni kwamba meza ilipendeza. Nilikata mkate nikautoa ganda pande zote, nikaupanga na matango na majani ya bizari. Nilichukua zile chapati nyembamba za dukani, nikapaka jibini, nikalaza nyama ya bata mzinga iliyokatwa karatasi karatasi, nikaviringisha, nikakata vipande kama sarafu nene. Nyanya ndogo nilizitoboa tumbo nikazijaza parachichi lililopondwa na ndimu. Zabibu na jibini ngumu nilizichoma kwenye vijiti vya meno. Mama alikuwa akinitazama muda wote. Nilimpa zabibu moja, akaishika kiganjani mpaka ikapata joto.

Mume wangu alikuwa ghalani, zamu yake haijui Pasaka, lakini tulikuwa na wageni wengine, jamaa wa kanisani wanaokaa Kensington-Bailey, ambao hawajamwona dada tangu kambini. Walikuja moja kwa moja kutoka ibadani na suti zao nyeusi. Viti havikutosha, tukaazima vya kanisa, tukavipanga kuzunguka kuta. Na kwa kuwa kelele zilikuwa zinamtia mama hofu, niliwaomba mlangoni, mmoja mmoja, waongee polepole. Wakaongea polepole. Watu wazima kumi na watatu wamekaa ukutani, wamevaa nyeusi, wananong'ona, kila mmoja na kisahani cha chakula baridi mapajani. Jambo lile nililipanga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na sikuliona. Sijui nilikuwa na macho ya nini.

Dada na kaka waliingia saa saba. Dada alipiga magoti mbele ya mama, akamshika miguu, na mama akamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Watu wakasema "Mungu mkubwa." Mimi nilifurahi! Nilimkonyeza kaka, kama kumwambia, umeona? Mzima kabisa huyu.

Kisha mama akainua kichwa akaangalia chumba. Aliangalia viti, akaangalia visahani, akanusa hewa. Akamuuliza dada, kwa sauti ya chini, ya adabu, "Nani njo alikufa?"

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto. Mafiga hulala, jivu haliguswi, na majirani ndio huleta cha kula, na hicho huliwa kikiwa kimeshapoa, kimyakimya, watu wamezunguka ukuta. Mwanamke yeyote wa rika la mama anaijua hali hiyo kabla hajavuka mlango. Mimi niliijua pia. Nimekaa misiba mingapi? Lakini hofu ya jiko ilikuwa imenijaa kichwa kizima.

"Hakuna mutu alikufa, mama," kaka akasema. "Ni Pasaka. Yesu amefufuka."

"Kama ni Pasaka, moto iko wapi?"

Dada akasimama. "Ngoja nimuchemshie chai ya maziwa, atatulia."

"Kaa, yaya! Nitafanya mimi!" Niliruka hata nikamwaga zabibu. Lakini alikuwa ameshafika jikoni. Nilimwona akinyoosha mkono kwenye jiko, mkono ukapapasa, ukapapasa tena. Akageuka akanitazama. Nikasema jiko limeharibika. Alisogea ukutani akainua kalenda kwa kidole kimoja, akaangalia, akaishusha taratibu kama mtu anayefunika usingizi wa mtoto. Heri angenitukana.

Tukiwa bado tumesimama hivyo, tulimsikia mama sebuleni akihesabu. Alikuwa anahesabu watoto wake, kwa vidole.

"Mukubwa iko hapa. Kijana huyu. Na ule mudogo?"

Nikarudi mbio. "Mama, ni mimi. Niko hapa."

Alinitazama usoni vizuri, kwa heshima, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusaidia. Halafu macho yake yakanipita begani, yakaenda mlangoni, yakarudi kwenye visahani, na nikaona kabisa wakati alipoelewa. Alielewa vibaya, lakini alielewa kwa mwili wote. Alivuta kitambaa cha kichwa akakitupa, akateremka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, akanyoosha miguu, akaanza kulia kilio cha kwetu, kile cha kumwita marehemu kwa jina. Jina lilikuwa langu.

Mtu asikie jina lake likililiwa hivyo! Nilipiga magoti nikamshika mashavu, nikapiga kelele, "Mama! Mama, nitazame! Mimi ni huyo!" Wanawake wa kanisani nao, wakisikia kilio na hawajui la kufanya, wakaanza kulia, maana kilio kwetu hakiachwi kilie peke yake. Mmoja akaanzisha wimbo, kaka akamnyamazisha. Mama akanishika mkono, akaupigapiga.

"Aksanti kuja, mama," akaniambia. "Kaa. Kula kidogo."

Na akala yeye. Hilo sitalisahau. Wiki nzima nilikuwa nambembeleza na kijiko, analala na njaa, na siku ile, kwa kuwa mfiwa hakatai kinacholetwa, alikula vipande vinane vya ule mkate wa matango huku machozi yanamtiririka, akisema watu waliotuletea chakula hiki Mungu awakumbuke.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, wakinipa pole. Pole ya nini, hawakujua wenyewe. Kaka akafunga mlango akaniuliza, "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu lini?" Nikawaka. "Ungekuwa unapiga simu, ungejua! Mara moja kwa mwezi, dakika tano, mama uko aje, mama niko muzuri, unakata. Nani anamwosha? Nani anamfunga kamba za viatu? Mmekuja na gari zuri kunikagua mimi?" Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Nikasema nitaacha kazi. Nikasema nitafunga gesi kabisa, tutakula baridi mpaka tufe. Kaka aliinamisha kichwa. Dada alikuwa amekaa sakafuni, na mama amelala mapajani pake, amenyamaza, anapumua vizuri kuliko alivyopumua kwa miezi.

Nikaangalia hilo na maneno yakaniishia. Kazini kwangu naona kila siku jinsi wanavyosahau. Wanaanzia mwisho. Jana inaondoka kwanza, halafu mwaka jana, halafu wajukuu, na watoto wanaondoka kuanzia mdogo. Familia zikija zikilia koridoni, mimi ndiye huwaambia msiumie, siyo kwamba hawapendi, ndivyo ugonjwa ulivyo. Nimewaambia watu wangapi maneno hayo, na kikombe cha kahawa mkononi! Sasa nilikuwa nayatafuta yanifariji mimi, nikakuta ni takataka. Mama alikuwa bado na dada na kaka. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, na sikuwa nimeambiwa.

"Mchukueni," nikasema.

Dada akasema, "Si lazima leo."

"Nimesema mchukueni, yaya. Kwako ana mtoto. Hapa anakaa na mgeni."

Asubuhi ya Jumatatu nilimwogesha kwa mara ya mwisho, nikampaka mafuta, nikamvalisha sweta mbili na kitenge juu. Alikubali kila kitu bila ubishi, akinishukuru kwa kila kifungo. Nje kulikuwa na upepo kutoka mtoni. Kaka alikuwa ameshawasha gari, dada amekaa nyuma, ameacha nafasi. Nilimwingiza mama, nikamfunga mkanda, nikawa bado nimeinama hapo mlangoni, siwezi kutoa mikono.

Akaishika yote miwili.

"Wengine wote walikula wakaenda," akasema. "Weye ulibaki na mimi. Mutoto wangu angekuwa angali, ningemwambia akushukuru."

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumwambia mama, mimi sijafa, nitazame, nimesimama kwenye baridi bila koti. Badala yake nikamuuliza, "Alikuwa mutoto wa namna gani, mama?"

Alifikiri. Alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu jana.

"Huyo? Hasira mingi," akasema. "Mingi sana. Lakini hakuniacha hata siku moja."

Dada akanyoosha mkono, akavuta mlango, akaufunga.