Hereni Zisizomfaa Mtu

Muuza vito vya mitumba anaiokoa dunia kila siku, isipokuwa Jumapili. Hujaigusa bangili, ameshakuhubiria: dhahabu mpya inabomoa milima ya watu, lakini hii yake imeshachimbwa, imeshavaliwa, imeshasamehewa, na bei yake haimtoi mtu roho. Huku akiongea, mswaki wake mkuukuu unasugua pete, anaipuliza, anaifuta kwa pindo la gauni. "Kito kukaa kabatini ni uchoyo, mwanangu." Kwake kila shingo ni ndefu, kila kidole kimeumbiwa pete. Hata mkufu ulioliwa na kutu eti "una historia."

Sasa juzijuzi dada yake akamuuliza mbele ya wateja, "Na hereni za marehemu mama, mbona ziko kabatini?" Kesho yake akazileta, akaziweka mezani kifua mbele. Tangu hapo bingwa wetu amesahau kuuza. Jana binti mmoja anayekaribia kuolewa alizishika. "Nzito hizo, zitakuvuta masikio," muuzaji akamwambia.

"Nitazoea, shangazi."

"Zinaleta vipele."

"Nitapaka mafuta."

"Na uso wako mwembamba, zitakumeza."

Binti akacheka, akafungua pochi. Mswaki ukasimama. "Basi zina mwenyewe," muuzaji akasema, akizitoa taratibu kiganjani mwa binti. "Kuna mteja mmoja msumbufu sana, aliniomba nimwekee." Akazifuta kwa pindo, ingawa zilikuwa safi, akazivaa. "Nisije nikazipoteza," akasema, akamsogezea binti ule mkufu wenye historia.