Picha Nne za Pimbi Asiye na Mkia

Apoline anauza dagaa katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ulimi wake hata wachuuzi wa Kasulu wanaukwepa. Lakini mtajie Pimbi, atanyamaza.

Baba yake, huko Kongo, alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye vibao, zipakwe wino, zipigwe chapa karatasini. Vibao viliungua vitani. Zilibaki karatasi nne zilizogeuka manjano, ambazo Apoline alizifunga kiunoni kwa kitenge alipokimbia. Katika ya kwanza, Simba anagawa mikia. Pimbi kasimama mlangoni pa pango, anaikodolea macho mvua, anawaagiza wenzake wamletee mkia wake. Wenzake wanarudi, kila mmoja na mkia wake tu. Pimbi kabaki mtupu. Baba akimaliza kusimulia alikuwa anauliza, "Pimbi, mkia wako uko wapi?" Dieudonné, mdogo wake Apoline, anaruka juu: "Nilingoja jua!" Na fundisho lilikuwa hilo: jambo lako usiliahirishe.

Mwaka huu Dieudonné aliharibikiwa na ini. Alikonda, jamani, akabaki macho tu. Asubuhi moja akamwambia dada yake, "Yaya, niletee Pimbi. Unisimulie kama baba."

"Sasa hivi? Na jua lote hili?"

Kwao hadithi haisimuliwi mchana. Anayethubutu anakiita kifo nyumbani. Na Apoline, aliyebakiwa na ndugu huyo mmoja duniani, angekiitaje?

"Ngoja jua lizame, bwana. Acha utoto."

"Nionyeshe hata picha, basi."

"Jioni, nimesema!"

Akatoka kwenda kumkorogea uji. Aliporudi nao, Dieudonné alikuwa ameshakata roho, na jua lilikuwa halijafika hata utosini.

Walimzika kesho yake mchana. Watu walipoanza kutawanyika, Apoline alipiga magoti, akazitandaza zile karatasi juu ya udongo mbichi, akaanza kusimulia kwa sauti. Wanawake wakashtuka. Jirani yake, Benita, akamshika bega.

"Mama, weee! Jua linawaka!"

"Liwake! Nimebakiwa na nani wa kuchukuliwa?"

Akasimulia picha baada ya picha, machozi na kamasi vinamtoka, wala hakujifuta. Akafika ya mwisho.

"Pimbi, mkia wako uko wapi?"

Akasubiri. Hakuna aliyeruka.

"Nilingoja jua lizame," akajibu mwenyewe.