Likasi: Niliitwa kutafsiri gharama zilizojificha za nyanya, nikaishia kuweka mikrofoni mezani

Wakuu, hamjambo popote mliposhika simu.

Hili sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na maneno mengine yalitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo yananiwasha.

Mimi ni mtoto wa Panda, Likasi, huku Katanga. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mimi naishi kwa kutafsiri Kifaransa, Kiswahili na Kibemba. Nitaandika Kiswahili mlichozoea ninyi, ila watu wetu nitawaacha waongee chetu. Mtaelewa tu.

Twende.

Kuna shamba kubwa la nyanya na kabichi njia ya kwenda Mwadingusha. Jina silitaji. Nyanya zake ndizo zimejaa sokoni kwetu, na kusema ukweli watu walizifurahia, maana zamani tulikuwa tunasubiri za kutoka mbali.

Wenye shamba walikuwa wanatafuta cheti cha kuuzia nje. Kwa hiyo wakaleta timu ya wataalamu kupima "gharama zilizojificha".

Yaani hivi: nyanya sokoni ina bei yake, lakini kuna udongo uliochoka, maji yaliyochafuka na watu walioumia ili ile nyanya ifike pale. Hayo nayo yahesabiwe.

Nikasema moyoni, afadhali! Kumbe duniani kuna watu wanaofikiri hivi. Nikachukua kazi kwa mikono miwili.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Wakachimba udongo, wakajaza maji kwenye vichupa, wakauliza maswali kwa heshima. Boss wa timu, tumwite Hervé, alikuwa mstaarabu kweli. Hata kuku wa watu alikuwa anawapisha njia.

Kisha tukashuka kwenye kijiji kilicho chini ya shamba. Huko ndiko nilikomkuta Mama Odile, mjane anayelima mihogo. Kijito kinapita nyuma ya nyumba yake. Akatupeleka juu kidogo, tukaona kwa macho yetu: vibarua wa shamba wanasuuza pampu za dawa ya wadudu humo humo kijitoni.

"Samaki zilikufa, shiye benyewe tukaona," akasema. "Mutoto ya jirani akapata bipele mwili muzima. Njo tukaacha kunywa. Sasa mayi tunateka kule nyuma ya mulima."

Nikamuuliza anayekwenda ni nani.

"Béa. Miye mugongo ilikufa."

Béa ni binti yake. Kila asubuhi anapanda mlima na bidoni, yaani dumu la maji, na akirudi masomo yameshaanza. Mwalimu alimrudisha nyumbani kwa kuchelewa, akamrudisha tena, mwishowe binti akaacha kwenda.

Béa alikuwa amekaa kando ya mama yake; nikamuuliza anakumbuka nini cha shuleni.

"Calcul," akasema, yaani hesabu. "Miye njo nilikuwa wa kwanza."

Hakulia. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake tu. Hervé aliandika yote, nikaamini yamefika.

Ikaja siku ya kutoa majibu, kwenye ukumbi mmoja huku Panda. Meneja wa shamba kiti cha mbele, wakubwa wa mji pembeni yake, wananchi nyuma. Mama Odile alikuja amevaa kitenge chake cha misa, Béa ubavuni.

Projecteur ikawashwa. Udongo: gharama ipo. Moshi wa malori: upo. Maji: "athari ya wastani". Wastani! Maji ambayo hata mbuzi wanayakataa.

Halafu Hervé akafika kwenye shule. Akasoma kwamba watoto kuacha masomo hakukuingizwa kwenye hesabu, kwa sababu ni uamuzi wa familia.

Akanigeukia. Zamu yangu.

Wakuu, Mama Odile alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikatafsiri, maana kazi ni kazi: "Banasema mutoto kuacha masomo haiko juu ya ferme. Ni famille njo ilichagula."

Mama Odile akasimama polepole, ameshika kiti.

"Miye njo nilichagula? Miye njo nilimwanga dawa mu mayi? Weye papa, mutoto yako akiwa na kiu, utamwambia aende kwanza ku masomo?"

Nikamgeuzia Hervé kwa Kifaransa, neno kwa neno. Akavua miwani. Akajibu kwa sauti ndogo, wala si kwa ubaya: "Mwambie namwelewa. Lakini utaratibu wetu hauna mahali pa kuliweka jambo hilo."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikaweka mikrofoni mezani.

Nikamwambia kwa Kifaransa, ukumbi mzima ukisikia: "Hilo mwambie wewe mwenyewe. Binti ni huyu hapa."

Hervé akamtazama Béa. Aliyeongea ni meneja: kikao kimekwisha, vinywaji viko nje.

Vinywaji! Akina mama wa kijiji walipita meza ile kama haipo.

Baada ya hapo wakaenda kukaa barabarani mbele ya geti la shamba, wamezungukwa na bidoni tupu. Malori ya nyanya hayakutoka. Jua la huku mnalisikia tu, na nyanya iliyoiva haina subira. Mchana meneja akatoka mwenyewe kuongea.

Leo kijiji kina kisima cha pampu, na sehemu ya kusuuzia dawa imehamishwa. Kumbe nyanya zikianza kuoza, mahali pa kuliweka jambo panapatikana!

Shamba lilipata cheti chake. Kijito bado hakinywewi. Béa amerudi shule, anakaa dawati moja na watoto anaowapita kichwa kizima. Mimi hakuna timu iliyoniita tena.

Nilichojifunza: hasara ya mnyonge ikianza kuitwa "uamuzi wake", jua kuna mtu ameshaikwepa.

Ninyi mnaoishi karibu na mashamba makubwa ya miwa, mpunga au maua, semeni: maji mnayatoa wapi, na nani anayachota? Anayetaka kunipinga anipinge kwa hoja, nitajibu.

Na kama humu yumo mtaalamu wa hizi hesabu, naomba anieleweshe: mwaka wa masomo wa mtoto mmoja mnauandika wapi?