Nafasi ya Herufi Nne

Sambathioni binti Yonatha alikuwa na miaka thelathini na minne siku alipomkatiza msomaji wa Torati katika nyumba ya sala, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuona mishipa ya shingo yake ikisimama. Wapo wanaosema alipandwa na pepo. Pepo gani? Alikuwa na hasira tu, na hasira ile niliijua tangu ilipoanza, maana tuliishi ukuta kwa ukuta katika mtaa wetu wa Wayahudi, Iskanderia.

Baba yake alikuwa mjazaji wa Jina. Torati tuliisoma kwa Kiyunani, kwa sababu Kiebrania kilitutoka vinywani tangu enzi za babu zetu. Mwandishi alinakili maneno yote kwa Kiyunani, lakini kila alipofika kwenye jina la Mungu aliacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Gombo likaletwa kwa mzee Yonatha, naye akajaza zile herufi nne za Kiebrania kwa kalamu ya mwanzi. Siku ya Sabato msomaji akizifikia hunyamaza na kuvuta pumzi, sisi huinamisha vichwa, kisha huendelea. Hakuna aliyelitamka. Kile kimya ndicho kilikuwa jina.

Mzee macho yalimharibika. Miaka yake tisa ya mwisho, mkono uliokuwa ukijaza zile nafasi ulikuwa wa Sambathioni. Alikuwa mjane, hana mtoto, na herufi zile alizijua kuliko alivyojua kusuka. Siri hiyo tuliijua watu wanne: mzee, yeye, mimi, na Taesi, mtumwa wao wa Kimisri.

Mzee alipofariki, Sambathioni alipata bwana. Simaanishi mume. Sheria ya mji ilisema mwanamke hawezi kuuza, kununua wala kutia sahihi mkataba wowote bila bwana wake kusimama pembeni: baba, mume, kaka au ndugu wa kiume wa karibu, au yeyote ambaye wazee watamteua. Ndugu wa karibu alikuwa Dositheo, mtoto wa baba yake mkubwa, mtu nadhifu mwenye ndevu za kupakwa mafuta, msimamizi wa nyumba yetu ya sala.

Haukupita mwezi, ikatokea ile Sabato ya aibu. Alikuja mgeni kutoka mashambani, mfanyabiashara wa sufi mwenye sauti nzuri, akapewa heshima ya kusoma. Masikini, Kiebrania hakukijua hata chembe, na kwao hakuna aliyemfundisha kunyamaza. Herufi zile nne, mtu akizisoma kutoka kushoto kama Kiyunani, zinafanana na herufi nyingine kabisa za Kiyunani. Basi akasoma kwa sauti iliyojaa ukumbi:

"Na Pipi akamwambia Musa..."

Halafu mtu mmoja upande wa wanaume akaguna, wa pili akacheka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mgeni akadhani tunafurahia sauti yake, akaongeza madoido: "Pipi, Mungu wa baba zenu!" Mimi mwenyewe nilijiziba mdomo kwa shela mpaka machozi yakanitoka. Sambathioni hakucheka. Dositheo naye hakucheka. Uso wake ulikuwa mwekundu kama shaba.

Siku tatu baadaye Dositheo alifika kwa Sambathioni na gombo kwapani. Nilikuwepo, tunachambua dengu. Hakuketi.

"Dada, jambo la herufi limekwisha," alisema. "Wazee wamenikubalia. Kuanzia sasa zile nafasi tunaandika Bwana, kwa Kiyunani safi, kila mtu asome. Gombo hili baba yako hakuwahi kulijaza. Nimelileta ulione tu, kesho nampa mwandishi wangu."

"Bwana," alisema Sambathioni.

"Bwana. Neno la heshima."

"Kaka Dositheo, wewe kwangu ni nani kisheria?"

"Sasa hilo nalo linaingiaje?"

"Jibu tu."

"Ni bwana wako. Unajua."

"Na yule mwenye kiwanda cha vioo, kwa watumwa wake ni nani? Na mwenye mbwa, kwa mbwa wake?" Aliweka ungo chini. "Neno hilo lina kazi zake tayari. Mna neno moja la mwenye nyumba, mwenye punda na mwenye mke, na humo humo mnataka kumtia Mungu?"

"Watu walimcheka, Sambathioni! Walimcheka Mungu!"

"Walimcheka muuza sufi. Mfundisheni kunyamaza. Ni kazi ngumu hiyo?"

Dositheo alitabasamu vile wanaume wanavyotabasamu wakiona mwanamke anazungumza vizuri. Hilo tabasamu ndilo lililomwasha. Akalinyakua lile gombo, akalikunjua juu ya dengu, akatafuta mahali kwa kidole.

"Haya, msomi, nisomee hapa. Mungu anamwambia Musa nini? Anasema Ibrahimu na Isaka na Yakobo aliwatokea, ila kwa jina lake, nafasi, hakujulikana kwao. Sivyo? Sasa tia lako. Kwa jina langu Bwana sikujulikana kwao. Lakini Ibrahimu alimwita bwana kila siku! Aliwaita bwana hata wale wageni watatu mlangoni pa hema! Umemfanya Mungu mwongo kwa neno moja."

Tabasamu lilimtoka. "Watu hawasomi kwa undani hivyo," alisema Dositheo.

"Ndiyo maana nina hasira," alijibu.

Dositheo alichukua gombo lake akaondoka. Sabato iliyofuata alisimama akahutubu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Sambathioni hakuwa akigombania herufi tu. Dositheo alisema Mungu amejiita Bwana ili tujue dunia imepangwaje: Bwana mbinguni, mfalme kwenye kiti, bwana nyumbani, anayemdharau mmoja amewadharau wote. Jambo hilo halikuwahi kusemwa kwetu. Lisingeweza kusemwa, maana kutoka kwenye zile herufi nne hakuna njia ya kufika kwa mume wangu. Kutoka kwenye neno Bwana njia ni fupi sana. Jioni ile ile mume wangu, mtu mpole wa kushona viatu, aliniambia supu imepoa.

"Ipashe moto, miguu unayo," nikamwambia kama kawaida yetu.

"Hukusikia leo? Mimi nani humu ndani?"

Alikuwa anatania. Lakini utani huo hakuwa nao wiki iliyopita.

Nilimpelekea Sambathioni kisa hicho nikidhani atacheka. Alikuwa uani, Taesi anakanda unga. Sambathioni akaanza kupayuka, akizunguka uani na kupiga ukuta kwa kiganja. "Mimi ni Bwana Mungu wako niliyekutoa nyumba ya utumwa! Unasikia linavyosikika? Taesi, wewe unasikia nini hapo? Sema!"

Taesi hakuacha kukanda. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika nyumba ile. "Nasikia mlikuwa na bwana mmoja, bibi, akaja bwana mwingine akawachukua. Bwana mpya ni mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyo hata sokoni."

Sambathioni alimpiga kofi. Kofi la sauti, unga ukaruka. Nilisimama. Sikuwa nimewahi kumwona akimpiga mtu.

Taesi alijifuta shavu kwa mkono wenye unga. "Uliuliza mwenyewe, bibi," alisema, akarudi kwenye unga wake.

Bibi. Niliona jinsi neno lile lilivyomwingia Sambathioni. Aliketi kwenye kizingiti, kiganja kimechanua mapajani, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Mimi nilijiondokea kimyakimya. Kesho yake aliniita ukutani, akaniambia, "Namwachia Taesi huru. Nikae hapa napiga kelele juu ya mabwana, na ndani ya nyumba yangu kuna mtu ananiita bibi kila asubuhi?" Alikuwa amejikasirikia yeye kuliko alivyowahi kumkasirikia Dositheo, na hasira hiyo ilimkaa vibaya, hakula siku mbili.

Kumwachia mtumwa huru kunataka hati, na hati ya mwanamke inataka bwana wake. Akaenda kwa Dositheo. Alirudi amekaza meno.

"Amekataa. Anasema Taesi ni mali ya nyumba ya baba, na mali ya nyumba iko chini yake. Anasema nimechanganyikiwa na msiba. Akanishika begani! Akaniambia, nenda nyumbani, dada, kasali kwa Bwana."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda kusali," alisema.

Sabato ile gombo jipya lilisomwa kwa mara ya kwanza, lile lile alilolikunjua juu ya dengu, nafasi zake zote zimejazwa wino mweusi unaong'aa. Msomaji hakunyamaza popote. Aliteleza moja kwa moja: Bwana akasema, Bwana akaamuru. Vichwa havikuinama, hakukuwa na mahali pa kuinamia. Alipofika kwenye kutolewa nyumba ya utumwa, Sambathioni akasimama upande wetu wa wanawake.

"Rudia hapo!"

Msomaji akapotea mstari. Dositheo akainuka. "Mwanamke, keti."

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo, ndiyo, wewe bwana wangu! Nimekuomba sahihi moja ya kumtoa mtu utumwani, umeninyima. Leo unatusomea habari za kutolewa utumwani? Na umemtia Mungu jina lako!"

"Mtoeni nje!"

"Nabii anasema siku itafika, Israeli atamwita Mungu mume wangu, hatamwita tena bwana wangu. Hatamwita tena! Mtaliandikaje hilo, enyi wanaume? Mnamwita Mungu kwa neno ambalo yeye mwenyewe amesema hataki kuitwa!"

Kelele zikapanda. Mtu akapaza sauti, "Unajua nini wewe juu ya Jina?"

Nilimvuta nguo. Nilijua anachotaka kusema. Akaling'oa vazi lake mkononi mwangu.

"Nimeliandika miaka tisa," alisema. "Kila mara mlipoinamisha vichwa, mliinamia mkono wangu. Baba alikuwa kipofu. Magombo yote mliyopeleka mto juu, vijiji vyote, ni mimi."

Kisha ukumbi ukafumuka. Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kulia. Wanaume walipiga mayowe kwamba magombo yametiwa unajisi. Dositheo alikuwa ameshika kichwa, maana barua za kuyasifu magombo yale, zilizopelekwa nayo vijijini, zilikuwa na muhuri wake.

Wazee walimwita siku ya pili. Mkuu wao alikuwa Onia, mzee mkali, kiziwi wa sikio moja, asiyempenda mtu yeyote na Dositheo hasa. Nilimsindikiza Sambathioni. Wakampa kigae na kalamu.

"Andika," alisema Onia.

Akaandika, kutoka kulia. Onia akakileta kigae karibu na jicho, akakiweka kando ya gombo la zamani.

"Mkono ni huo huo," alisema. "Na ni mzuri kuliko wa Yonatha."

"Kwa hiyo mtarudisha herufi?" aliuliza Sambathioni.

"Hatutarudisha. Magombo yako yatawekwa mitungini na kuzikwa, kwa heshima. Mapya yataandikwa Bwana. Watu wamekwisha kulizoea, binti. Sabato mbili tu, na wamezoea."

"Na wewe unaona ni sawa?"

"Naona nimechoka. Unataka nini kingine?"

"Sahihi ya Taesi. Na huyu asiwe bwana wangu tena."

Dositheo akafungua mdomo. Onia akamgeuzia sikio bovu. "Niandikeni mimi bwana wake," alimwambia karani, "mpaka hati ya huyo Mmisri itiwe sahihi. Baadaye atafute mwingine, mimi sitaki usumbufu."

Hivyo Taesi alitoka utumwani kwa hati iliyoandikwa kwamba ametolewa na Sambathioni, akiwa pamoja na bwana wake Onia. Sambathioni alipousikia mstari huo ukisomwa alicheka kicheko kibaya, kikavu. Taesi hakumshukuru, wala sioni kwa nini amshukuru. Alichukua godoro lake na chungu kimoja, akaenda kwa dada yake kusini, na hatukumsikia tena.

Mitungi ilizikwa nyuma ya ukumbi. Mume wangu alisaidia kuchimba, akarudi, akajipashia supu mwenyewe.

Sambathioni alipata bwana mwingine wa kusimama pembeni, akauza nyumba mwaka uliofuata, akahamia kijiji cha wafumaji katika nchi ya ziwa, ambako nyumba ya sala ni chumba kimoja cha udongo. Wafumaji wale walikuwa na gombo lake, hawakukubali kulizika, na walikuwa wamemtumia ujumbe wakiuliza kama anaweza kuwajazia jingine. Nilimtembelea huko mara moja. Alikuwa amenenepa kidogo, vidole vyeusi kwa wino, watu wote wanajua ni mkono wa nani. Nilidhani nimemkuta ametulia, nikamwambia hivyo.

"Nimetulia?" alisema. "Jana nimepokea gombo kutoka kwenu mjini. Safi, limenakiliwa vizuri. Wanataka tuanze kulitumia." Akanionyesha mstari kwa ukucha. "Tazama. Hata nafasi hawaachi siku hizi. Mtoto atakayezaliwa kesho hatajua hapa palikuwa na kitu."