Kitabu Alichokibusu Hinde

Kitabu kilianguka kutoka benchi la Anshel wakati Hinde, mkewe, ananyonyesha. Aliinama na mtoto wao Bune kifuani, akakiokota, akabusu jalada lake, kama alivyozoezwa tangu utotoni kubusu kila kitabu kitakatifu kinachogusa sakafu. Anshel mwenyewe alikuwa sinagogi. Falik, babake Hinde, akapendezwa.

"Lete nikirudishe kabatini," akasema, akanyoosha mkono.

Hapo ndipo Hinde alipokumbuka ni kitabu kipi. Alikuwa keshachelewa.

Falik alisoma akiwa amesimama. Herufi zilikuwa za Kiebrania cha Torati na maneno yalikuwa ya sala, lakini yalieleza umbali wa nyota, na kurasa mbili mbele, msichana anayeosha miguu mtoni.

"Miguu ya msichana," akasema taratibu. "Kwa lugha ya Mungu."

Alikuwa amemlisha Anshel mezani pake miaka mitatu ili asome Talmud, vitabu vya sheria za dini yao, kama mkwe msomi anavyolishwa. Shangazi Pesl alizoea kutania jikoni, "Mumeo macho yamemtoka kama samaki wa Sabato. Kweli hiyo ni Talmud tupu?" Hinde alicheka tu, kwa kuwa alijua. Chini ya Talmud vilikaa vitabu vya watu wa mwanga mpya, walioandika mambo ya dunia kwa lugha takatifu.

"Lugha yetu takatifu tumeifungia na nguo za sikukuu," Anshel alimwambia siku moja. "Nataka itoke, iende sokoni, icheke."

Akaanza na mkewe. Wanawake walisali kwa lugha hiyo bila kuielewa. Hinde akikanda unga, Anshel alimfundisha: maji, mkate, mtoto, wewe. Alimwambia kwa lugha hiyo, "Fungua mikono yako," na alipofungua, akamtilia kipande cha sukari. Basi wakawa wanaombana chumvi kwa lugha ya manabii, wakizibana vinywa wasisikike.

Sasa Falik hakupiga kelele. Alikuwa mmoja wa wazee wanaoandika majina ya vijana wa kwenda jeshi la mfalme.

"Akikupa talaka wiki hii, nampatia hati ya safari aende Odesa na uchafu wake. Asipotoa, namwandika askari. Miaka ishirini na mitano."

"Baba, Bune hana hata jino."

"Bune atakula kwangu."

"Basi nipe hati na mimi, twende naye."

"Hati ni ya mtu mmoja."

Kwa sheria yao hakuna awezaye kumwacha mwanamke asiyekubali kupokea karatasi ya talaka mikononi. Hinde alilijua hilo, akalishikilia siku nne. Alilala amekunja ngumi. Hata maziwa yakapungua, Bune akalia mchana kutwa.

"Usifungue," Anshel alimwambia uani. "Waniandike tu."

"Mwenzio wa kijiji cha pili alirudi bila miguu, Anshel."

"Wengine hurudi wazima."

"Wangapi?"

Shangazi Pesl, ambaye siku hizo hakutania, akamvuta Hinde kando. "Mwanangu, ukimng'ang'ania utamzika. Ukimwachia, walau atakuwa hai mahali fulani."

Siku ya tano asubuhi wakakutana nyumbani kwa rabi. Mashahidi wawili wakakaa. Pesl akanyoosha mikono ampokee Bune. Hinde akasita, akamnusa mtoto kichwani, kisha akamtoa. Mikono ikabaki mitupu.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mkononi mwa Anshel. Rabi akamwelekeza Hinde kwa lugha ya nyumbani aunganishe viganja. Hinde akatikisa kichwa. Falik akageukia dirisha, pale ilipokuwa orodha ya askari.

Ndipo Anshel aliposema, kwa sauti ya jikoni, kwa lugha ileile ya manabii, "Fungua mikono yako."

Akafungua.

Karatasi ikadondoka viganjani, nyepesi kuliko sukari. Anshel akatamka maneno aliyoandikiwa. Wanawake wote waliowahi kusimama pale waliyasikia kama sala isiyowahusu. Hinde aliyaelewa yote, neno kwa neno: wewe, kuanzia sasa, ni halali kwa mtu yeyote.