Matundu Mawili Kwenye Gari la Eulalia

Mchana Eulalia Bustamante aliwapikia watoto wa shule. Jioni na Jumapili alikuwa chini ya gari lake. Aliliokota huko Colton, nyuma ya banda la kuku, Ford ya mwaka 1932 iliyobaki mifupa. Akalivua bampa na madigadi, akalishusha mpaka likakaribia kulamba lami, akalitia injini ambayo ikiwaka, vikombe vya jirani hucheza kabatini. Mgongo wa gari aliusugua kwa mkono hata ukawa kama maji yaliyotulia. Haukuwa na tundu hata moja.

Sasa kibao cha namba kilikuwa kimefika. Kesho asubuhi wenye magari ya namna hiyo wangekutana Mtaa wa Mount Vernon, wanywe kahawa na kuchunguliana kazi. Bila kibao, polisi wangemrudisha nyumbani mbele ya wazee wa mkutano huo, walioapa kwamba gari lile halitatoka uani. Na ili kibao kikae, lazima autoboe mgongo ule.

"Kiegemeze kwenye kioo cha nyuma," alisema jirani yake, mzee Orville Tuckett, juu ya uzio. "Waoga wote hufanya hivyo."

"Chako kiko wapi?"

"Kwenye kioo."

Chela, mdogo wake Eulalia, alikuwa amekalia ndoo, anakula mkate wa sukari. "Dada, binti zangu wote umewatoboa masikio wewe, wangali wachanga. Barafu, sindano, Salamu Maria moja, kwisha. Leo unatetemekea bati?"

"Masikio hupona, Chela."

Hata hivyo alibandika utepe wa karatasi ili rangi isibanduke, akaweka pima maji, akangoja povu litulie katikati, akatia alama mbili. Akasali Salamu Maria yake, safari hii bila barafu. Drili ikalia. Vumbi la chuma likamwagika kiatuni, na kibao kikakazwa.

Akalitoa gari barabarani wakalitazame. Chela akaacha kutafuna. Orville akakohoa.

Kibao kilikuwa kimeinama upande wa kushoto. Uani kwake palikuwa na mteremko, naye muda wote huo alikuwa amekinyoosha kulingana na dunia, si kulingana na gari.

Eulalia akaketi ukingoni mwa barabara. Kukinyoosha kungetaka tundu la tatu, na hilo hakuwa na moyo nalo.

Yesenia, kifungua mimba wa Chela, alimkuta pale akitoka kazini hospitalini. Akakitazama kibao, akajishika masikio. Tangu utotoni hereni yake moja ilikaa juu kidogo kuliko mwenzake.

"Mama mkubwa, na mimi ulinipimia uani hapa?"

"Wewe ulikuwa unapiga mayowe, kichwa umekilaza."

"Lakini sijawahi kuangusha hereni."

Eulalia akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki na michirizi.

Asubuhi alifika Mount Vernon, Yesenia kando yake. Wazee wakalizunguka gari kimya, na kimya chao ni sifa. Mmoja akachuchumaa nyuma. "Kimeinama hiki."

"Ndiyo," Eulalia akasema, akipuliza kahawa na kuzitupia jicho hereni za Yesenia. "Ni wa kwetu."

Jioni yake Orville aligonga mlango, kofia mkononi.

"Mama, niazime drili," alisema. "Pima maji kaa nayo."